Nizi: tumetembea pamoja, tumekula pamoja

Kwingine watu hutembea kwa farasi. Huku kwetu Nizi, kilomita karibu 30 kaskazini ya Bunia, tuko na pikipiki. Siku ya jumamosi, mwezi uliopita, wamotari 12, Wahema na Walendu, walishuka pamoja hadi Iga-Barrière na kurudi. Mimi nilipanda nyuma. Sharti lilikuwa moja: hakuna kuacha mtu njiani. Mnyororo wa mmoja ulipokatika, wote tulisimama mpaka ukatengenezwa.

Woga ulikuwepo. Tangu mwisho wa 2017, vijana wengi wa Djugu hawapiti tena kijiji cha jirani, na utawala wa kijeshi uliowekwa Mei 2021 haujauondoa woga huo.

Tuliporudi, akina mama walikuwa wametayarisha fufu, sombe na maharagi. Tulinawa, tukala wanne wanne kwa sahani moja. Kwanza kimya. Halafu mtu akauliza bei ya petroli, na maneno yakaanza.

Kabla ya kuachana, walipeana namba za simu. Sasa, kabla ya kupakia abiria, motari anampigia mwenzake wa upande wa pili: «Ndugu, njia iko namna gani?» Na jibu analopewa analiamini.