Haki ya Kupita: Somo kutoka Misitu ya Dunkeld

Mijadala yetu kuhusu ardhi huanzia na kuishia katika hati ya umiliki. Nani anamiliki, kwa muda gani, na kwa masharti yapi: hayo ndiyo maswali tunayofundishana vyuoni na kubishania bungeni. Swali la nani anaruhusiwa kupita juu ya ardhi hiyo kwa miguu yake, akiwa na watoto wake, bila kuomba ruhusa wala kulipa, huonekana dogo mno kwa wasomi. Binafsi nilianza kulipa swali hilo uzito wake katika Dunkeld, mji mdogo wa Uskoti uliopo takriban kilomita 25 kaskazini mwa Perth, kwenye ukingo wa mto Tay.

Dunkeld ni mji wa mtaa mmoja mkuu, kanisa kuu la kale lililo magofu nusu, na daraja la mawe. Umaarufu wake umo katika njia za miguu zinazouzunguka. Vibao vidogo vinamwelekeza mgeni, na njia nyingi ni fupi na rahisi kiasi cha kumfaa mtoto wa miaka sita na bibi yake wakiandamana. Tulipokwenda na familia, tulianza kwa njia inayofuata mto hadi Inver, kisha tukaingia msitu wa Hermitage, ambao leo unatunzwa na shirika la National Trust for Scotland. Humo mna miti mirefu ya jamii ya msonobari iliyopewa jina la David Douglas, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Scone, si mbali na hapo, na aliyepeleka mbegu zake Uingereza kutoka Amerika ya Kaskazini. Mto Braan unaporomoka kwenye miamba, na juu ya maporomoko hayo kuna kibanda cha starehe kilichojengwa mwaka 1757 kwa ajili ya ukoo wa makabaila wa Atholl.

Ni hapo binti yangu aliponiuliza, "Baba, huu msitu ni wa nani? Mbona hatujalipa kiingilio?"

Lilikuwa swali la sheria, na jibu lake lina tarehe. Mwaka 2003 Bunge la Uskoti lilipitisha Sheria ya Mageuzi ya Ardhi, na sehemu yake ya kwanza, iliyoanza kutumika Februari 2005, inampa kila mtu haki ya kupita na kupumzika katika sehemu kubwa ya ardhi na maji ya ndani, awe mwenyeji au mgeni, ardhi iwe ya umma au ya mtu binafsi. Haki hiyo ina mipaka. Haihusu ua wa nyumba ya mtu, wala shamba lenye mazao yanayokua. Haihusu magari, wala uwindaji. Kubwa zaidi, ni lazima itumike kwa uwajibikaji. Lakini mmiliki naye hawezi kuweka uzio au kibao kwa lengo kuu la kuwazuia watu haki yao. Akifanya hivyo, halmashauri inaweza kumwamuru aondoe. Halmashauri hizo pia zilipewa wajibu wa kuandaa mpango wa njia kuu za miguu katika maeneo yao.

Ajabu yake ni kwamba Uskoti ni miongoni mwa nchi za Ulaya ambazo ardhi imerundikwa mikononi mwa wachache mno. Sheria ile haikuwanyang'anya wachache hao mashamba yao kwa kumruhusu mtoto wangu apite. Ilitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyafunga kamba moja: kumiliki na kumzuia mwingine.

Uwajibikaji nao unaonekana vizuri zaidi kwenye ziwa. Kutoka mjini, njia ya Fungarth inakupeleka hadi Loch of the Lowes. Neno "loch" ndilo ziwa kwa Waskoti. Hapo Shirika la Wanyamapori la Uskoti lina hifadhi ya furukombe, ndege mla samaki ambaye hufika majira ya kuchipua kutoka Afrika Magharibi, hutaga na kulea makinda, kisha hurudi kusini kabla ya baridi. Watoto waliketi ndani ya banda la kutazamia ndege wakinong'ona kama wamo msikitini. Hakuna askari aliyewanyamazisha. Walikuwa wameambiwa sababu, wakaielewa. Nadhani raia hufundishwa zaidi kwa kuaminiwa namna hiyo kuliko kwa bango la "Marufuku".

Hata hivyo, tusidhani haki hii ilishuka kama mvua. Daraja la Dunkeld, lililobuniwa na mhandisi Thomas Telford na kukamilika mwaka 1809, lilijengwa na Duke wa Atholl, naye akatoza ushuru kwa kila aliyevuka, hata mtembea kwa miguu. Kituo cha treni kilipofunguliwa upande wa Birnam mwaka 1856, mkazi wa Dunkeld alilazimika kulipa ili akapande treni. Mwaka 1868 wananchi walichoka, wakayang'oa mageti ya ushuru na kuyatupa mtoni. Serikali ikaleta askari. Ushuru ulikuja kufutwa mwaka 1879. Leo familia zinavuka daraja lile zikila aiskrimu, na wachache wanakumbuka kwamba hatua zile ziliwahi kuwa na bei.

Ng'ambo ya daraja, huko Birnam, umesimama mwaloni mkongwe ambao matawi yake yameegemezwa kwa nguzo. Inaaminika ni masalia ya msitu ule wa Birnam ambao, katika tamthilia ya Shakespeare, watu walikata matawi yake wakajificha nyuma yake kwenda kumwangusha dikteta. Watanzania wameisoma hadithi hiyo kwa Kiswahili tangu 1968, kwa tafsiri ya Samuel Mushi iitwayo Makbeth. Nafurahi kwamba mfasiri yule alikuja kuwa profesa wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bila shaka alijua msitu ule ulihusu nini.

Sasa tujitazame. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 inatamka kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa. Kwa maandishi, tumewazidi Waskoti. Kwa miguu, mambo ni mengine: viwanja vinapimwa, na kichochoro walichopita wazee kwenda kisimani kinaishia ukutani, ufukwe wa umma unafikiwa kupitia geti la mtu.

Haki isiyotaja njia ya kufikia hubaki karatasini. Watumishi wa halmashauri wanaosoma makala hii wana kalamu ambayo Mbunge hana: ramani ya mipango miji hupita mezani kwao kabla ukuta haujajengwa. Naomba waulize swali moja kila wanapoidhinisha ramani: mtoto wa mtaa huu atapita wapi kwenda majini? Asiye na jibu asitie saini.