Ukurasa unaocheza sana

Sisi wazee tusikatae upesi kazi ya vijana. Mwaka 2012 gazeti New York Times la Marekani lilitoa kwenye intaneti habari iliyoitwa «Snow Fall», habari ya theluji iliyoporomoka mlimani na kuua watu watatu. Unasoma ukishuka, na mlima unatembea mbele ya macho yako, unaona mahali walipopita. Mwaka 2013 mwandishi wake, John Branch, alipata zawadi ya Pulitzer. Mule picha zilitembea kwa sababu: zilisaidia msomaji aelewe.

Vijana wetu nao walitengeneza ukurasa wa parokia. Picha za kwaya zinaingia pande zote, majina yanaruka, rangi zinabadilika. Mimi mwenyewe niliwapigia makofi. Kisha mama mmoja wa kambi ya wafanyakazi akaniambia: «Pasta, kwenye maziko ya mzee wetu wa kanisa sikufika. Tangazo lilikuwa chini kabisa. Mega zangu zilikwisha mbele ya kuona saa.»

Hapo njo niliona haya.

Vijana, ufundi ni zawadi ya Mungu, musiuzime. Lakini muulize kwanza: mama mwenye telefone ndogo atafika chini? Hata Habakuki aliambiwa aandike maono waziwazi (Habakuki 2:2). Sisi tuliondoa picha nyingi. Sasa tangazo linatangulia, kwaya inafuata.