Mwendo wa Papo Hapo

Mashine ya kutembelea ndani ya nyumba ni chombo cha ajabu: mtu huenda kilomita kadhaa asivuke kizingiti. Njiani kuna mnazi, kisima au pembe ya msikiti wa kumshuhudia mtu umbali aliokwenda. Juu ya mkanda hapana shahidi ila tarakimu za kwenye kioo. Tarakimu hizo ndizo alizoziamini fundi cherehani mmoja mstaafu wa Mji Mkongwe, tangu daktari wa moyo alipomwamuru atembee nusu saa kila siku kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Kila alfajiri aliandika katika daftari, na daftari hilo ndilo alilolisoma daktari.

Amri kama hizo si za kubahatisha. Mwaka 1963, huko Seattle nchini Marekani, Dkt. Robert Bruce alichapisha utaratibu wa kuupima moyo juu ya mkanda uendao: dakika tatu za mwanzo kwa kilomita 2.7 kwa saa na mwinamo wa asilimia 10, kisha kasi na mwinamo huzidishwa. Moyo husomwa kwa kasi. Kasi ikisema uongo, moyo nao husingiziwa.

Shaka ilimwingia mzee aliposikia mkanda ukigugumia kila kisigino kilipotua. Akatoa futi yake ya ushonaji, ya sentimita 150. Mkanda ulikuwa mrefu kuliko futi, akaupima vipande vipande kwa chaki kama apimaye jora. Zikatimu mita 2.8. Akabandika plasta nyeupe ukingoni, akaiweka mashine kwenye 5, akashika saa. Mkanda mtupu ulizunguka mara 30 kwa dakika: mita 84, ambazo ni kilomita 5.04 kwa saa.

“Basi, bwana, mashine yako haina kosa,” mkewe alisema.

“Nguo haipimwi msumarini, mke wangu. Hupimwa mwilini.”

Akapanda, mke akahesabu plasta. Mara 27 tu: mita 75.6, kilomita 4.5 kwa saa, na kioo kikishikilia 5 yake bila haya.

Sababu haiko mbali. Mashine nyingi za nyumbani haziutazami mkanda wenyewe, bali huhesabu mizunguko ya mota au ya rola ya mbele. Mkanda ukilegea, na silikoni iliyo chini yake ikikauka, uzito wa mtu huukamata. Rola hupita chini yake ikizunguka na kuhesabu hatua zisizokuwapo. Ndiyo maana kuipima mashine tupu ni kazi bure.

Mzee alipaka silikoni, akakaza skrubu mbili za nyuma robo mzunguko kila moja, sawa kwa sawa ili mkanda usiende upande. Akapanda tena: mara 30.

Likabaki daftari, miezi mitatu ya 5 zilizopangwa kwa mwandiko mzuri.

“Yaache tu,” mkewe alinong’ona. “Ndiyo yaliyomfurahisha daktari.”

Mzee hakujibu. Alikata kila 5 kwa mstari mmoja, akaandika 4.5 pembeni, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka adhuhuri. Asubuhi ya pili alipanda kutembea kilomita 5 za kweli. Pumzi zilimkatikia mapema, akashika vishikio, akazima mashine. Katika safu ya dakika, palipozoea kuandikwa 30, aliandika 12.