Dumu na Ndubi

Hapa Ihumwa, katika nchi ya Wagogo, mwaka una msimu mmoja tu wa mvua, na kiangazi chake ni kirefu. Kila nyumba ina madumu yake ya maji. Nami kila niyaonapo yamepangwa mlangoni, humkumbuka mjomba wangu.

Nilizaliwa Bagamoyo, kazi ya serikali ndiyo iliyonileta bara. Mjomba alikuwa mvuvi, mwenye kidau cha mbao cha tanga moja, kilichotiwa mawe ya farumi. Kijana mmoja alimshauri afunge madumu matupu ndani ya chombo. Mjomba akacheka, akasema kuwa hayo si mambo ya wazee wetu. Msimu wa kusi uleule wimbi lilikijaza kidau maji, na farumi ikakizamisha. Tulikuwa watatu. Wawili tuliokolewa tumeng'ang'ania foromali. Yeye hakuonekana tena.

Tangu hapo nimejiuliza: mambo ya wazee wetu ni yapi? Itazame ngalawa, ndugu msomaji. Ni gogo la mwembe lililochongwa, jembamba, lisiloweza kuhimili tanga peke yake. Wazee walilitia ndubi pande mbili lisipinduke. Na wataalamu wengi wanaona kuwa asili ya ndubi ni visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, na kwamba zililetwa na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi. Basi ndubi nazo zilikuwa ngeni siku moja.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa binamu yangu, mwana wa marehemu, tukafunga madumu 10 katika kidau chake. Dumu la lita 20 lililozibwa barabara hubeba karibu kilo 20 majini. Tuliyafunga omo, tezi na mbavuni, chini kidogo ya kingo. Yakifungwa sakafuni, chombo kilichojaa maji hupinduka. Kisha tukakijaza maji kusudi, pamoja na farumi yake, mahali penye kina cha kifua. Kikaelea.

Binamu alinyamaza, kisha akauliza, "Kaka, baba hakulijua hili?"

"Alilijua," nikamjibu. "Aliliona geni."

Vijana, mkiambiwa kuwa jambo fulani si la wazee, ulizeni kwanza wazee walitafuta nini. Walipoitia ngalawa ndubi, walitaka mvuvi arudi nyumbani.