Madirisha ya Bernauer Straße

Kazi yangu ni kutembeza wageni, na mtaa wangu ni Bernauer Straße, Berlin. Wakija wageni wanaozungumza Kiswahili naitwa mimi, kwa kuwa nimezaliwa Unguja. Nimekulia Kikwajuni, katika jumba la ghorofa lililojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilitangulia nchi nyingine za Afrika kuitambua dola ile, nayo ikatulipa kwa wataalamu, saruji na nyumba. Bibi yangu alihamia humo akitoka kwenye nyumba ya makuti, na kitu alichokisifu mpaka anaingia kaburini kilikuwa dirisha. Akikaa pale jioni, upepo wa bahari ulimfikia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo nilipofika Berlin nilijiona nimefika kwa watu waliotujengea. Ndipo nikapewa kazi ya kueleza madirisha mengine.

Katika mtaa huu, nyumba za upande mmoja zilikuwa Berlin Mashariki, ilhali njia ya miguu iliyopita mbele yake ilikuwa Berlin Magharibi. Mtu akitoka mlangoni kwake alikuwa amekwishavuka mpaka. Tarehe 13 Agosti 1961 serikali ya kikomunisti ya Mashariki ilipoufunga mpaka, milango hiyo ilizibwa na madirisha ya chini yakajengewa matofali. Watu wakapanda ghorofa za juu. Tarehe 22 Agosti, Ida Siekmann alitupa matandiko yake barabarani kutoka ghorofa ya tatu, kisha akaruka mwenyewe kabla wazimamoto hawajawahi kutandaza wavu. Alifariki njiani akipelekwa hospitali. Ilibaki siku moja atimize miaka 59. Mwezi uliofuata Frieda Schulze, ajuza wa miaka 77, alining'inia dirishani huku maofisa wakimvuta mikono kwa juu na majirani wakimvuta miguu kwa chini. Majirani wakashinda.

Miaka yangu ya mwanzo nilisimulia mambo haya kama mtangazaji wa mpira. Nilianza na askari wa Mashariki, Conrad Schumann, akiruka seng'enge kwenda Magharibi, nikaja kwenye handaki la 1964 walimopita watu 57 wakitoroka, nikamalizia na usiku wa 9 Novemba 1989, Ukuta ulipofunguliwa. Wageni walipiga makofi, tukaenda kunywa kahawa.

Aliyenirekebisha ni mzee mmoja wa Unguja. Alisimama nilipotaja madirisha, akaniuliza, "Mwanangu, aliyeyaziba haya ndiye yule yule aliyetujengea sisi?"

"Ndiye, babu."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nyumba ni jambo jema. Lakini mtu akipewa nyumba, apewe na ufunguo." Akaongeza kwamba hata kwetu ilikuwapo miaka ambayo mtu alitazama kwanza nani kakaa barazani ndipo aseme lake.

Tangu siku ile sianzi na ushindi. Naanza kwenye Dirisha la Kumbukumbu, ukuta wa chuma chenye kutu uliotobolewa vidirisha, na ndani yake picha za waliokufa. Watu wasiopungua 140 waliuawa au kufa kwa sababu ya Ukuta wa Berlin. Namwomba kila mgeni achague uso mmoja, nami namweleza habari zake. Wengi humchagua Çetin Mert, mtoto wa Kituruki aliyekuwa akiishi Magharibi. Hakuwa akitoroka popote. Tarehe 11 Mei 1975, siku aliyotimiza miaka mitano, alitumbukia katika mto Spree. Maji yote pale yalihesabiwa kuwa ya Mashariki, na waokoaji wa Magharibi walisimama ukingoni wasiruhusiwe kuingia. Wengine humchagua Chris Gueffroy, kijana wa miaka 20 aliyepigwa risasi Februari 1989, miezi tisa tu kabla Ukuta haujaanguka.

Hapo ndipo nafika 1989, na siku hizi maelezo yangu hukaa zaidi Leipzig, mji wa Mashariki, kuliko Berlin. Tarehe 9 Oktoba, watu wapatao 70,000 waliingia barabarani kule kuandamana dhidi ya serikali huku majeshi yakiwa tayari. Hakuna aliyejua kama atarudi nyumbani. Hakuna risasi iliyolia. Mwezi mmoja baadaye Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Mashariki, aliwaambia waandishi wa habari kwa makosa kwamba ruhusa ya kusafiri nje inaanza papo hapo, na umati ukakusanyika kwenye daraja la mpakani la Bornholmer Straße, Berlin, mpaka walinzi wakafungua. Wengi husema Ukuta uliangushwa na ulimi ulioteleza. Ulimi ulichangia, lakini hofu ilikuwa imeshawatoka watu.

Kila 9 Novemba tunakusanyika hapa na kuchomeka mawaridi katika nyufa za ukuta uliobaki. Hakuna ngoma, kwa kuwa tarehe hiyo hiyo mwaka 1938 masinagogi ya nchi hii yalichomwa moto. Wageni kutoka Afrika huniuliza kuhusu watu wetu, nami siwafichi. Wafanyakazi wa mkataba wa Msumbiji wapatao 15,000 walikuwa Ujerumani Mashariki Ukuta ulipoanguka. Wengi walirudishwa kwao, na sehemu ya mishahara waliyokatwa wanaidai hadi leo. Sherehe ya uhuru isiyostahimili kusikia deni hilo ina dirisha lililozibwa.

Mwisho wa matembezi nawapeleka mahali ambapo nyumba zilibomolewa na alama zake zimewekwa ardhini kwa vipande vya chuma. Nawaomba wavuke kutoka sebuleni mpaka njia ya miguu. Ni hatua moja, na hapo maelezo yangu hukoma.

Yule mzee alivuka, akarudi, akavuka tena, mara tatu. Nikamuuliza kulikoni.

"Hakuna kitu," akasema. "Natazama tu kama hakuna wa kunizuia."