Waya hauna kosa

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili, na leo narudi na ungamo.

Kuna chama cha ushirika cha wafugaji huko Nyandarua ambacho mimi hukitunzia seva. Ni seva moja tu ya Debian, na ndani yake nimepanga kompyuta pepe tatu kwa KVM: moja ya kilo za maziwa, moja ya hesabu, na moja ya barua pepe. Kompyuta pepe haina waya wake. Inategemea daraja, yaani swichi ambayo Linux huiunda kwa programu tupu. Mimi nimeliita br0. Kadi ya mtandao ya seva imechomekwa upande mmoja wa daraja, kompyuta pepe upande wa pili, na kila moja ina anwani yake ya IP kama kompyuta nyingine yoyote pale ofisini.

Siku ya malipo ya wakulima, saa mbili na nusu asubuhi, mhasibu akanipigia simu. "Mwanangu, mashine ya maziwa haifunguki, na watu wamejaa hapa nje." Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Mtu aliyepeleka maziwa mwezi mzima na sasa anangoja karo ya mtoto, utamwambia nini kuhusu seva?

Nikauliza swali tunalouliza sote: nani amegusa nini? Akajibu kwamba fundi kijana alibadilisha waya wa seva saa mbili kamili. Basi, kesi imekwisha! Nikampigia yule kijana, nikamwambia arudishe waya wa zamani. Akarudisha. Wapi! Nikamwambia achomeke kwenye tundu lingine la swichi. Wapi! Nikaanza kupandisha sauti. "Sawa mkuu," akawa anasema, "ngoja nijaribu tena."

Sasa tazama ujinga wangu. Wakati huo wote mimi nilikuwa Nairobi, nimeingia kwenye seva hiyo kwa SSH, nikipitia waya uleule niliokuwa nikiulaumu!

Nilipogundua hilo nikanyamaza. Nikaacha kuuliza nani amegusa, nikauliza pakiti inafia wapi. Nikafungua kompyuta pepe ya maziwa kwa virsh console, nikaanza kupiga ping kwenda kwa ruta. Kwenye seva nikatega tcpdump mahali pawili: vnet0, ambapo kompyuta pepe inaingilia darajani, na eno1, ambayo ni kadi yenyewe. Pale vnet0 ping zilionekana, moja kila sekunde. Pale eno1, hakuna hata moja. Zilikuwa zinafia darajani.

Cha ajabu, ARP zilikuwa zinavuka. Kompyuta pepe iliuliza nani mwenye anwani ya ruta, na ruta ikajibu vizuri. ARP inapita, IP haipiti. Waya mbovu hauchagui hivyo. Anayechagua ni ukuta wa moto, na iptables hukagua pakiti za IP, si ARP. Nikaandika:

iptables -L FORWARD -v -n

Jibu: policy DROP, na hesabu ya pakiti zilizotupwa ikipanda kila niliporudia amri. Nani aliweka DROP? Hapo ndipo nikakumbuka. Usiku uliotangulia, kama saa tano hivi, nilisakinisha Docker kwenye seva hiyohiyo ili nijaribu kitu changu, kisha nikalala.

Tangu toleo la 1.13 la mwaka 2017, Docker inaweza kuweka FORWARD kuwa DROP. Pia inaweza kuita moduli ya br_netfilter, ambayo hufanya pakiti zinazovuka daraja zipelekwe kwanza kwa iptables. Docker haikukosea, maana habari ya DROP imeandikwa kwenye nyaraka zake. Ni mimi sikuzisoma. Nyani haoni kundule.

Dawa ya haraka:

iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT

Ping zikarudi papo hapo. Saa nne kasoro robo mhasibu alikuwa analipa. Lakini amri hiyo hupotea seva ikizimwa, kwa hiyo jioni niliiondoa Docker pale, nikaipa kompyuta pepe yake yenyewe. Kumbuka pia kwamba ukiondoa Docker, DROP hubaki mpaka uibadilishe mwenyewe au uwashe seva upya.

Kisha nikampigia yule kijana. Nikamwambia waya wake haukuwa na shida, kosa ni langu, na anisamehe kwa makelele.

Akacheka. "Nilishangaa mkuu, kwa sababu taa za kadi zilikuwa zinapepesa kwa kila waya niliochomeka. Nilitaka kukuambia."

Kweli alitaka. Sikumpa nafasi.

Haya, hadi wakati mwingine.