Nyumba ya Duara Haina Pembe

Nyumba ya duara haina pembe. Jambo hilo halihitaji kuelezwa kwa askari polisi wa Uganda aliyepata kukaa katika yunipoti, yaani kile kibanda cha mabati cha mviringo ambacho kwa miaka mingi kimekuwa makao ya askari na jamaa zao. Mchana bati huwaka kama kikaango. Usiku wa manane hupoa hata mtoto akalilia blanketi la pili. Kitanda huegemezwa upande mmoja, jiko huwekwa nje, na vyombo vingine vyote hugombania nafasi iliyosalia.

Koplo mmoja wa kituo cha mbali, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, alikaa katika nyumba ya namna hiyo pamoja na mkewe, watoto watatu na televisheni. Miongoni mwao wote, iliyotwaa nafasi kubwa ni televisheni. Ilikuwa ile ya chogo, ya inchi 21, yenye uzito upatao kilo 20. Kwa kuwa chogo halipatani na ukuta wa mviringo, ilisogezwa mbele juu ya meza yake, na nyuma yake pakabaki pengo lisilofaa kitu ila viatu vibovu.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 binti yao mkubwa alitimiza miaka 12, akaingia darasa la saba, ambalo ni mwaka wa mtihani. Alilala juu ya mkeka pamoja na wadogo zake, nyuma ya pazia lililowatenga na kitanda cha wazazi, na vitabu vyake alivisomea juu ya ndoo iliyopinduliwa. Televisheni ilipofunguliwa jioni, betri ya sola ilichoka mapema, na taa ikazimika kabla binti hajamaliza hesabu zake.

Koplo aliipima sakafu kwa nyayo za viatu. Akaona kwamba meza ile ikiondoka, kitanda chembamba na meza ndogo ya kusomea vitaenea. Akasema, "Mama watoto, chombo hiki kimezeeka. Tununue televisheni bapa."

Mkewe hakujibu. Alichukua kitambaa, akaipangusa ile televisheni kama afanyavyo kila asubuhi, kisha akatoka nje.

Kimya kile kilikuwa na sababu. Mwaka 2013 Koplo alipelekwa Somalia pamoja na polisi wenzake katika kazi ya kulinda amani chini ya Umoja wa Afrika. Wakati huo familia ilikaa katika kambi ya mjini yenye umeme. Mkewe alikaanga maandazi, akayauza langoni, akaweka shilingi juu ya shilingi mpaka akanunua televisheni hiyo kwa mtu aliyekuwa akihama. Simu kutoka Mogadishu zilikuja kwa nadra, na nyingine zilikatika kabla ya salamu kwisha. Basi kila jioni alimweka mtoto magotini, akaketi mbele ya taarifa ya habari, akizitafuta nyuso za wanaume waliovaa kofia za chuma. Mumewe hakumwona hata mara moja. Lakini kila taarifa iliyokwisha bila kutaja msiba ilikuwa kwake sawa na barua. Mwaka 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa na wengi wakadhani televisheni za chogo zimekufa, yeye alinunua king'amuzi, akaunga waya, picha ikarudi.

Koplo aliyajua hayo, na kwa hiyo hakutumia amri. Alimwita fundi wa sola, mzee mmoja mpole, ili aieleze hesabu mbele ya mkewe. Fundi alisoma kibandiko cha nyuma: wati 80. Akaeleza kwamba umeme wa betri ya volti 12 lazima upite kwanza katika inveta ili ugeuzwe, na humo sehemu yake hupotea. Betri yao ya ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, iliweza kuiendesha televisheni hiyo kwa muda wa saa 6 hivi, bila taa wala king'amuzi. Televisheni bapa ya inchi 22, ya volti 12, yenye kula wati 24, ingekwenda saa 25 kwa betri ile ile, pasipo inveta.

"Televisheni hizi za volti 12," alisema fundi, "hutumiwa na madereva wa malori, na watu wa mashua, na wale wa Ulaya na Marekani wasafirio ndani ya magari yaliyofanywa nyumba. Nao pia walikuwa na za chogo. Katika magari mengine ilikaa juu ya kioo cha mbele, kilo nyingi zikining'inia mbele ya kichwa cha dereva. Walipoiondoa, lile tundu walilifanya kabati."

Mama watoto alisikiliza, akamkaribisha fundi chai, lakini neno la kukubali hakulitoa.

Juma moja baadaye alirudi kisimani kabla ya wakati wake wa kawaida. Wadogo walikuwa wakicheza ndani, mlango umefungwa. Alipofungua alimkuta binti yake amejikunja katika lile pengo la nyuma ya televisheni, kati ya viatu vibovu, akibadili sare ya shule. Hapakuwa na mahali pengine pa kujisitiri. Mama aliweka ndoo chini polepole. Usiku ule, watoto walipokwisha lala, aliuliza, "Baba watoto, hiyo bapa huuzwa shilingi ngapi?"

Ilinunuliwa mwisho wa mwezi wa tatu. Fundi hakuifunga kwenye bati, maana bati ni jembamba, limepinda, na jua hulichoma. Alisimamisha mti wa mbao kutoka sakafuni hadi kwenye paa, akaifunga hapo kwa skrubu nne. Alihakikisha kwanza kwamba chombo kinavumilia zaidi ya volti 14, kwa sababu betri hupanda kiasi hicho jua likiwa kali. Aliweka fyuzi karibu na betri, akaonya kwamba waya mwekundu na mweusi zisibadilishane mahali hata kwa dakika moja.

Ikabaki ile ya zamani. Vijana wa vyuma chakavu walikwisha kuja kuiulizia, wakitaka kuivunja watoe shaba. Fundi aliwafukuza. Alisema kwamba ndani ya televisheni ya chogo hujengeka volti zaidi ya 20,000, na kwamba umeme huo waweza kukaa humo hata baada ya kuzimwa; kwamba chupa yake haina hewa, nayo ikipasuka vipande huruka kama risasi za bunduki; tena kwamba kioo chake kimechanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto na kwa maji ya kisima.

"Haitavunjwa," alisema Mama watoto. "Nimekwisha kuipatia mwenyewe."

Katika kambi ya mjini, kule kwenye umeme, palikuwa na mke wa konstebo kijana, mwenye mtoto mchanga, ambaye mumewe alikuwa amepelekwa Karamoja. Lori la kituo lilipokwenda mjini kuchukua posho, Mama watoto alipanda pamoja na televisheni yake, ameifunga kwa blanketi, ameishika njia nzima kama mgonjwa. Alipofika, aliunga waya mwenyewe, akangoja mpaka picha ikatulia.

"Mwanangu," alimwambia yule kijana, "itazame jioni. Usipomwona, usiogope. Mimi sikumwona mwaka mzima, naye alirudi."

Aliporejea nyumbani usiku ulikuwa umeingia. Nyuma ya pazia jipya taa ilikuwa ikiwaka, na binti yake alikuwa ameinama juu ya meza ndogo, akifanya hesabu. Mama hakumsemesha. Alivua viatu mlangoni, akapita kwa kunyata.